WhatsApp, simu, barua ama uende mwenyewe: umfikie HR aje ndio upate jibu la maana

Jumapili iliyopita saa tatu na nusu usiku simu yangu iliingia meseji, "Madam habari ya jioni." Niliichungulia tu nikarudi jikoni kuosha vyombo. Kufika saa nne zilikuwa sita kutoka kwa mtu mmoja. Ya pili "Madam uko?", ya tatu alama ya kuuliza peke yake, ya nne "naona uko onlaini", ya tano voisi ya dakika mbili, na ya sita "ni sawa tu madam". Hiyo "ni sawa tu" huniuma kuliko matusi, juu najua imeandikwa na mtu ameketi huko Kaptembwa ama Rhonda na simu mkononi, ako na shida ya ukweli, ameona tiki zimegeuka buluu na hakuna jibu linakuja, na ameshaamini kwamba nimemdharau. Shida yake ilikuwa siku mbili za ovataimu hazikuonekana kwa peislipu. Sasa jibu la hiyo maneno halikuwa kwa simu yangu, lilikuwa kwa karatasi ya ovataimu yenye sahihi ya sapaviza, karatasi iko kwa faili, faili iko kwa kabati huko Industrial Area, na kabati hufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Niko kwa hii kazi ya HR, yaani ofisi ya mambo ya wafanyakazi, hapa Nakuru mwaka wa tisa sasa. Kiwanda chetu kina watu zaidi ya 300, shifti tatu, na HR tuko wawili. Nimeandika huu ulinganisho juu naona watu wengi wanachagua njia ya kutufikia kwa mazoea tu, ile iko karibu na kidole, halafu jibu likichelewa wanaumia, na likija haraka wakati mwingine wanaumia zaidi, na hiyo nitaeleza. Kabla uchague njia jiulize kitu mbili: je, jibu likichelewa nitapoteza nini, na je, hilo jibu likipotea baadaye nitapoteza nini? Kuna shida huharibika kwa dakika kumi. Kuna zingine zinaweza kungoja siku tatu bila neno lakini zinaharibika kabisa kama hakuna mahali zimeandikwa na kupigwa muhuri.

Wacha nianze na zile mbili watu hubishania sana.

WhatsApp na karatasi

WhatsApp ina uzuri wake na sitaidharau. Bando ya shilingi 20 inatosha, unatuma ukiwa ndani ya matatu, unapiga picha ya kitu unatuma, huombi ruhusa ya kutoka kwa laini ya kazi. Kama umekwama Gilgil kwa jam ya lori na shifti inaanza saa nane, tuma WhatsApp, hata meseji ya kawaida tu. Kama unataka kujua ofisi imefunguliwa ama fomu ya likizo inapatikana kwa nani, tuma. Vitu vidogo vya leo, ambavyo kesho havitakuwa na maana, hapo WhatsApp inashinda karatasi bila mjadala.

Shida inaanza ukiitumia kwa vitu vya kudumu. Kwanza meseji yako inaingia mahali meseji zingine 80 ziko, na za grupu ya chama na za mwalimu wa mtoto, na nikiisoma nikiwa kwa foleni ya benki tiki inageuka buluu hapo hapo, hiyo buluu inamaanisha tu kwamba nimefungua, haimaanishi nimeshughulikia, na nikifika ofisini imeshafunikwa na zingine. Pili, meseji huenda. Simu inaibiwa Kenyatta Avenue, simu inaanguka kwa maji, ama mtu ameweka zile meseji za kujifuta zenyewe, na kwa WhatsApp hizo zikikaa sana ni siku 90. Sasa weka hiyo kando ya sheria: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa miaka 3 ya kufungua kesi kama umedhulumiwa kazini, na inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira yako miaka 5 baada ya wewe kuondoka. Ushahidi wako uko kwa simu ya skrini imepasuka na wake uko kwa faili ya chuma. Ndiyo, mahakama huku kwetu hupokea meseji za WhatsApp kama ushahidi, lakini huwa zinahitaji cheti cha kueleza zilitolewa aje na kwa simu gani, sio kuinua simu mbele ya jaji na kusema ona.

Tatu ni siri yako, na hapa nitasema kitu kilinitokea. Miaka ya nyuma mfanyakazi alinitumia picha ya ripoti ya maabara kwa simu yangu ya kibinafsi, alikuwa anaomba siku za kupumzika. Wiki hiyo mtoto wangu akachukua simu kutafuta picha za bathidei yake, akapitisha kidole, akafika hapo akauliza "mama hii ni karatasi ya nani?" Alikuwa mdogo, hakuelewa kitu, lakini mimi nilikaa chini. Afya ya mtu mzima mwenye familia, imekaa kwa galari yangu katikati ya keki na baluni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mimi nilikuwa nimezibeba kwa mkoba pamoja na lipu bamu. Tangu hiyo siku picha za hospitali sizipokei kwa simu yangu, ukinitumia nitakuambia uifute na ulete ile karatasi yenyewe, na tafadhali usidhani nakusumbua.

Karatasi iko polepole, ni kweli. Lazima uandike, na wengine wetu kuandika barua rasmi kunatutisha, lazima ufike mwenyewe, lazima umkute mtu ofisini. Lakini karatasi haina mambo ya "sikuona". Andika nakala mbili, moja ibaki kwetu, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uende nayo nyumbani uweke kwa bahasha pamoja na mkataba wako. Sekunde kumi tu za muhuri.

Kuna mzee mmoja wa boila aliokolewa na hiyo tabia. Aliugua, akalazwa siku nne, akatuma picha ya karatasi ya daktari kwa nambari ya HR aliyekuwa hapo kabla yangu, nambari ambayo ilikuwa imeshazimwa. Tiki ikabaki moja ya kijivu. Yeye kwa akili yake ameshasema. Kwa upande wetu sapaviza ameshaandika kwamba mtu ametoroka kazi, na kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni moja ya vitu vinaweza kufanya ufutwe mara moja chini ya kifungu cha 44 cha ile Sheria ya Ajira. Siku ya tano mzee akaingia ofisini na koti lake la kijivu, akatoa ile karatasi imekunjwa mara nne kutoka kwa mfuko wa ndani, jina, tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoka, sahihi ya daktari, muhuri. Ikaisha hapo. Sheria inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo uko na haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima na siku zingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, lakini lazima kuwe na cheti cha daktari. Ile picha haikufika popote. Karatasi ya mfukoni ndiyo ilimlipia zile siku.

Jibu la haraka na jibu lililochunguzwa

Hii ndiyo sehemu nataka usome polepole, hata kama ni mimi ndiye nilikosa.

Dada mmoja wa paking alinitumia meseji jioni akaniuliza, "Madam niko na siku ngapi za likizo zimebaki?" Ilikuwa Novemba. Nilikuwa nasonga ugali, mkono mmoja kwa mwiko na mwingine kwa simu, na sikutaka aonekane amengoja, nikajibu kwa kichwa: "Uko na tisa." Dakika moja haikuisha. Akaniambia asante sana madam, Mungu akubariki. Akapanga safari ya kwenda kwao Bungoma kwa mambo ya matanga ya shangazi yake, akakata tiketi, akaahidi familia atabaki hadi mambo yaishe. Asubuhi ya Jumatatu nikafungua rejista, ameshatumia siku 17 kwa zile 21 za mwaka. Zilibaki nne. Zile tano nilizoongeza zilitoka wapi sijui, nadhani nilimchanganya na mwenzake wa jina moja. Nikimpigia ashafika, ako kwa mazishi, nasikia watu wanaimba nyuma yake, na mimi ndiye wa kumwambia siku tano za kwake hazina mshahara. Nilienda kwa meneja nikasema kosa ni langu, tukakubaliana zikatwe kwa likizo ya mwaka unaofuata badala ya mshahara. Hakulipia kwa pesa lakini alilipia, juu mwaka uliofuata mtoto wake alipofunga shule hakuwa na siku za kutosha.

Kwa hivyo linganisha: jibu la dakika moja lilimfurahisha usiku mmoja, na jibu la kesho yake saa tatu asubuhi lingemwacha apange safari ya siku nne akijua. Tangu hapo sijibu siku za likizo, pesa, wala maneno ya nidhamu bila faili kuwa wazi mbele yangu. Ukiona HR anakuambia "wacha nicheki nikuambie kesho kabla ya saa sita", huyo anakuheshimu. Ukiona anakujibu pesa yako kwa sekunde tano saa nne usiku, muulize kesho tena.

Lakini pia niwe mkweli kwa upande wetu. Kuna HR hutumia "nitacheki" kama mlango wa kufungia watu nje. Wiki inaisha, wiki ya pili, mtu anauliza anaambiwa bado, na hakuna chenye kinachekiwa. Hiyo ni kukosa adabu na haina jina lingine. Mtu akikuambia atacheki bila kukupa siku, mwombe siku. "Sawa madam, nikuje lini?" Hilo swali fupi lina nguvu kuliko alama kumi za kuuliza.

Kupiga simu na kwenda dirishani

Simu ya kupiga ni ya moto. Mtu ameumia kwa mashine, umefiwa, umekimbiza mtoto hospitali, umeshikwa mahali huwezi kufika. Hapo usiandike, piga, na usiposhikwa na HR piga sapaviza, asiposhika piga geti. Kwa ajali kuna sababu ya sheria kabisa: chini ya ile Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunaitanga WIBA, mwajiri ako na siku 7 tangu apate habari kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na kama mtu amefariki ni ndani ya saa 24. Nimeona kijana amekatwa kidole, akafunga na kitambaa akaenda nyumbani juu alikuwa kibarua na aliogopa kuitwa mzembe, akatuma WhatsApp siku tisa baadaye wakati kimevimba. Kibarua pia analindwa na hiyo sheria. Angepiga simu hapo hapo tungeandika kwa rejista siku hiyo, na daktari angeandika alichoona siku hiyo, badala ya sisi sote kuanza kukumbuka ilikuwa Jumanne ama Jumatano.

Ubaya wa simu ni kwamba sauti haibaki. Umeniambia nikiwa nashuka boda, nimesema sawa, na "sawa" yangu hakuna mahali iko. Ukikata simu, andika meseji fupi: "Madam kama tulivyoongea saa moja asubuhi, baba amefariki, naomba siku tatu kuanzia leo." Hapo umeunganisha haraka ya simu na kumbukumbu ya maandishi. Na ukipiga mara mbili sijashika, acha, tuma meseji. Mara kumi na tano hainifanyi nishike, inanifanya nidhani kuna maiti.

Kwenda dirishani, yaani kuja mwenyewe kwa dirisha la ofisi ya HR, kunagharimu. Kama umetoka shifti ya usiku macho yamewiva, kungoja ofisi hadi saa mbili ni mateso, na kama ni siku yako ya ofu ni nauli ya kwenda na kurudi. Lakini nikilinganisha njia zote kwa maneno ya mshahara, dirisha ndilo huleta jibu haraka, na watu hawaamini. Huyo wa meseji sita za Jumapili nilimwambia aje Jumatatu. Alikuja saa mbili na robo akiwa bado amenuna. Tukafungua faili pamoja, karatasi zake mbili za ovataimu, moja imetiwa sahihi, nyingine haina, sapaviza alisahau. Tukamwita sapaviza kutoka kwa laini, akaangalia daftari lake la mashine akaona ni kweli huyu alibaki, akatia sahihi hapo hapo juu ya meza. Ile iliyokuwa na sahihi ni sisi tuliiruka wakati wa kuingiza, nikamwambia pole. Dakika 12 kwa jumla. Kwa WhatsApp hiyo ingekuwa siku tatu za "nitauliza" na "amesema" na "tuma picha, hii haionekani".

Halafu kuna yale maswali ya "mbona nimepata hii". Mtu mshahara wake ni 20,000 anaona 17,950 kwa benki, anaandika usiku kwamba ameibiwa. Ukija dirishani tunaandika kwa karatasi mbele yako: NSSF ya pensheni asilimia 6 ni 1,200, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 ni 550, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 300, jumla 2,050. Unatoka ukiwa umeelewa, hata kama hujafurahi, na ukienda nyumbani unaweza kumwelezea mwenzako. Kwa meseji nikiandika hizo namba unaona nimekurushia hesabu. Na peislipu yenye inaonyesha kila makato ni haki yako kisheria, sio zawadi, kwa hivyo ukinyimwa usikubali.

Uchague siku pia. Kwetu mshahara unafungwa tarehe 20, kwa hivyo kuanzia tarehe 19 hadi 25 tuko vichwa chini, na kabla ya tarehe 9 tunahangaika na makato ya serikali ambayo lazima yawe yamelipwa. Ukija tarehe 11 ama 14 utapata HR mwenye amepumua. Viwanda vingine wana tarehe zao, uliza wanafunga lini, ni swali la mara moja maishani.

Imeili, sapaviza, mwakilishi

Imeili sitaikalia sana. Kwa watu wa laini haitumiki, kwa watu wa ofisi ndiyo bora kuliko WhatsApp juu iko na tarehe, iko na kichwa cha habari, inatafutika, na haionyeshi niko onlaini. Kitu kama P9, ile karatasi ya mshahara na kodi yako ya mwaka, nakala ya mkataba, ama cheti cha utumishi ukiondoka, omba kwa imeili. P9 yenyewe naomba muiombe Machi. Kujaza ritani za kodi za KRA mwisho ni tarehe 30 Juni, na kila mwaka kuanzia tarehe 27 ofisi inajaa watu wanaotaka P9 sasa hivi, wengine wako saiba na foleni nyuma yao, na sisi ni wawili.

Sapaviza ni wa mambo ya shifti na rosta, kubadilishana zamu, kuchelewa. Kumruka sapaviza ukuje kwa HR kwa kitu kama hicho kunachelewesha tu, juu nitamuuliza yeye. Lakini kama shida ni sapaviza mwenyewe, anakuguza, anakutishia, anakuitisha pesa ndio akupatie ovataimu, hapo usimpitie hata kidogo na usiandike kwa grupu. Njoo moja kwa moja, kama unaogopa njoo na mtu unamwamini, na andika tarehe na maneno alisema kama unavyoyakumbuka. Kampuni yenye watu 20 na zaidi inatakiwa kisheria iwe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, uliza uione.

Mwakilishi wa wafanyakazi mtumie kwa vitu vya watu wengi, kama basi la usiku kutoshusha akina mama karibu na nyumba. Meseji 40 kwa HR juu ya hiyo basi zitajibiwa moja moja vibaya, mwakilishi mmoja na barua moja itaingia kwa mkutano. Na ukipewa barua ya kujieleza, kitu cha kwanza mwone yeye. Jibu kwa karatasi ndani ya muda umepewa, usijibu kwa WhatsApp ukiwa na hasira, na ukiitwa kusikizwa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakuruhusu uingie na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hapo haraka ni adui yako kabisa, nimeona watu wakijimaliza kwa voisi ya dakika moja ambayo wangelala nayo wasingeituma.

Kwa wenzangu wa HR na mabosi wao

Hapa chaguo ni nambari ya kibinafsi ama laini ya ofisi. Nilitoa yangu ya kibinafsi miaka sita na nilidhani ndio upendo. Watu walinipata saa yoyote, ni kweli, lakini walipata mtu amechoka, anajibu kwa kichwa, na siku nikiwa likizo hawakupata mtu kabisa. Laini ya ofisi inabaki ofisini, mwenzangu anaona kile nilijibu, na nikihama kazi nambari haizimwi kama ile iliyomponza mzee wa boila.

Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye watu 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima simu baada ya kazi, na hapa kwetu Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada kwa Seneti mwaka 2022 wa kutaka kitu kama hicho. Naunga mkono, na nasema pia kwamba kiwanda cha shifti tatu hakiwezi kuzima kila kitu saa kumi na moja jioni, mashine ya saa nane usiku inakata mkono sawa na ya mchana. Kwa hivyo sisi tulipanga hivi: laini ya ofisi iko wazi saa mbili hadi saa kumi na moja, usiku dharura inapitia kwa sapaviza wa shifti ambaye ako na nambari zetu mbili kwa zamu, na WhatsApp ya biashara tumeiwekea jibu la kujituma. Tuliiandika mara tatu kabla ikae sawa. Ya kwanza ilisema ofisi imefungwa, watu wakakasirika, na walikuwa na haki. Ya sasa inasema: "Tumepata meseji yako. Tutakujibu kesho kabla ya saa sita mchana. Kama mtu ameumia ama kuna msiba, piga kwa sapaviza wa shifti sasa." Zile "madam uko?" zilipungua karibu ziishe, na hatukuwa tumeongeza kasi hata kidogo. Ni ile saa sita mchana ndiyo walikuwa wanaitaka.

Lakini ukiandika saa sita, iwe saa sita. Ukishindwa, andika saa tano na nusu useme umeshindwa kwa nini na utajibu lini. Siku mbili za kudanganya na hiyo meseji watu wataacha kuisoma.

Sasa kama baada ya haya yote bado utatumia WhatsApp, na najua wengi mtatumia, tuma meseji moja iliyokamilika. Usianze na salamu ukangoja nijibu salamu. Salamu na shida ziingie pamoja, hivi: "Madam habari. Mimi ni fulani, nambari ya kazi 214, paking, shifti ya usiku. Ovataimu ya tarehe 7 na 8 haiko kwa peislipu. Sapaviza alinipa karatasi. Nitakuja Jumatatu nikitoka shifti, naomba faili iwe tayari." Ukiniandikia hivyo Jumapili usiku sitakujibu usiku huo, lakini Jumatatu ukifika faili itakuwa juu ya meza. Na nambari ya kazi usiisahau tafadhali, kwa rejista yetu kuna watu wanne wa jina moja na wawili wako shifti moja.